Gunia la Ufuta na Majiko ya China

Sogeeni, mlioko Masasi mjini, Ndanda, Lukuledi na Lupaso. Sogeeni, mlioko juu ya uwanda, Newala, Kitangari, Mkunya na Mnyambe. Na wewe mama uliyeiweka redio karibu na kinu, sogea zaidi, maana mazungumzo ya leo ni ya jikoni.

Leo tunakwenda China. Tutapita jiko moja baada ya jingine, tuone watu wa kule wanapika nini, na kwa nini wanapika hivyo. Usafiri umekwishapatikana: tunakwenda juu ya gunia la ufuta.

Kwa nini ufuta? Mkulima wa huku anajua. Mvua zikikatika, ufuta hukatwa, hufungwa matita, na matita husimamishwa juani mpaka vifuko vikauke na kufunguka vyenyewe. Kisha tita hupinduliwa juu ya turubai na kukung'utwa, punje zikamwagika kama mvua ndogo. Punje hizo huenda ghala la chama cha ushirika, AMCOS, hupimwa, hupigwa mnada, na baada ya hapo huanza safari ya bandarini. Mbegu nyingine zina majina ya nyumbani kabisa, Naliendele 92, Lindi 2002, Mtwara 2009, kazi ya watafiti wa kituo cha Naliendele pale Mtwara. Na mnunuzi mkubwa wa ufuta kuliko wote duniani ni China. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia sana.

Sasa swali. Ufuta wa Masasi ukifika China, unaliwaje?

Wengi wetu tungejibu haraka: wanakamua mafuta. Ni kweli, lakini hilo ni jibu nusu. Gunia hilo likifunguliwa, punje zake hutawanyika kwenye majiko yasiyofanana hata kidogo. Mahali pamoja zinasagwa kuwa rojo zito la kuchovya nyama. Pengine zinapakwa juu ya mkate. Pengine zinafichwa ndani ya kidonge cha unga wa mchele wa kunata. Punje ni zile zile. Kilichobadilika ni jiko.

Basi tuliweke wazi mapema jambo ambalo tutalirudia leo: hakuna chakula kimoja kinachoitwa chakula cha Kichina. Kuna majiko mengi ya China, na kila jiko limezaliwa na ardhi yake.

Je, hilo ni geni kwetu? Mgeni akikuuliza, "Chakula cha Kitanzania ni kipi?" utamtajia kipi? Ndizi na maharage za Bukoba? Mtori wa Kilimanjaro? Ugali wa uwele na mlenda wa Dodoma? Urojo wa Unguja? Ukitaja kimoja, wenye vile vingine watakuuliza, na sisi je?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Chukua Newala na Masasi, majirani wa mkoa mmoja. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Udongo wa kule ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini kabisa na kutokea mabondeni. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, akina mama walishuka mteremko na vyombo kichwani, wakapanda tena na maji. Na hadi leo ndoo ya maji kule juu ina heshima yake. Kwa hiyo chakula cha kule ni kile kinachovumilia mchanga na jua: muhogo. Unamenywa, unaanikwa ukawa makopa, unatwangwa, unasongwa. Majani yake ni kisamvu. Na kiangazi kikiwa kikali, watu huingia porini kuchimba ming'oko, wakaichemsha kwa chumvi na kuila na pilipili.

Shuka sasa Masasi, kwenye ile milima ya mawe. Hapa kuna mabonde yanayoshika maji, na mpunga unapatikana. Mtama upo, mahindi yapo. Mbaazi, karanga, njugu mawe na korosho ziko pande zote mbili, lakini chungu cha Newala na chungu cha Masasi havikulelewa na maji mamoja.

Kwa hiyo tukifika kwenye jiko lolote la China, tutauliza maswali matatu. Shamba linatoa nini? Maji yako wapi? Moto unawaka kwa nini? Shamba, maji, moto. Mtoto wa darasa la tatu anayesikiliza ayashike haya kwa vidole vitatu.

Kabla hatujashuka bandarini, kuna jambo moja litakalokufanya usijione mgeni mezani kwao. Wachina hugawa mlo mafungu mawili. Fungu la kwanza huitwa fan: ni wali, au mkate, au tambi, kile kinachojaza tumbo. Fungu la pili huitwa cai: ni vyote vinavyosindikiza, iwe majani, samaki, nyama au maharage. Je, sisi hatugawi hivyo hivyo? Kwetu kuna ugali, na kuna mboga. Na mtu wa kusini akisema "leo mboga ni kuku," hakuna anayeshangaa, kwa sababu mboga ni chochote kinacholiwa na ugali. Wachina wana hata salamu ya zamani ya kuulizana kama mtu amekwisha kula fan. Mama wa Newala angemjibu vizuri kabisa.

Haya, meli imefika. Sehemu kubwa ya ufuta wa Afrika unaokwenda China huingilia bandari ya Qingdao, katika jimbo la Shandong, kwenye pwani ya kaskazini. Tuanzie hapo.

Kaskazini ya China ni nchi ya baridi na ukavu. Kuna mpaka ambao Wachina wenyewe huutaja, unaofuata milima ya Qinling na mto Huai. Kusini mwa mpaka huo kuna maji mengi, na watu hulima mpunga. Kaskazini maji ni machache, na watu hulima ngano. Na kabla ya ngano walilima mtama mdogo wa punje za njano. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba mahali paitwapo Lajia, kandokando ya Mto Manjano, walikuta bakuli la udongo lililopinduka, na ndani yake tambi zenye umri wa miaka ipatayo 4,000. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2005. Basi mtu anayedhani kila Mchina hula wali kila siku, na aende Shandong. Atapewa mkate mweupe uliopikwa kwa mvuke, laini kama pamba, au mkate bapa uliopakwa ufuta juu na kuokwa. Ufuta wetu huo wa kwanza tumeuona.

Shandong ni jiko la siki, vitunguu majani na supu safi. Na kwa kuwa bahari ipo, vya bahari vipo. Kipo chakula chao maarufu cha jongoo bahari aliyepikwa taratibu na vitunguu majani. Wavuvi wa mwambao wetu wanamjua jongoo bahari vizuri, ingawa hawamli. Kwa miaka mingi alivunwa, akachemshwa, akakaushwa na kuuzwa kwa ajili ya soko hilo, mpaka serikali ikazuia uvunaji wake upande wa Bara kwa sababu alikuwa anapungua. Kiumbe anayesafisha mchanga wa bahari yetu huenda akawa chakula cha heshima kwenye karamu ya watu wasioijua pwani yetu ya Mikindani.

Kutoka Shandong tuingie Beijing. Mgeni hupelekwa kula bata wa kuokwa. Ngozi yake hung'aa na kukatika kama kaki, nyama hukatwa vipande vyembamba, na mlaji huvifunga ndani ya chapati nyembamba pamoja na vitunguu majani na rojo tamu la soya. Mkahawa mmoja maarufu kwa bata huyo, Quanjude, ulianza mwaka 1864.

Lakini sisi tumekuja kwa ajili ya ufuta. Subiri majira ya baridi. Watu wa Beijing hukaa kuzunguka chungu cha maji yanayotokota katikati ya meza. Nyama ya kondoo imekatwa nyembamba kama karatasi. Mlaji huchukua kipande kwa vijiti, hukichovya kwenye maji yale, na kabla hujamaliza kuhesabu kumi kimeiva. Kisha hukichovya kwenye kibakuli cha rojo zito la ufuta uliokaangwa na kusagwa. Bila rojo hilo, mlo huo kwa mtu wa Beijing haujakamilika.

Mkulima, simama hapo kidogo. Ufuta unaosagwa kuwa rojo haukamuliwi wala hauchujwi, huliwa wote. Chembe ya mchanga ikibaki ndani ya gunia, inaweza kufika mpaka kwenye meno ya mlaji. Kwa hiyo lile turubai unalotandika wakati wa kukung'uta, na ile saa unayotumia kupepeta, ni sehemu ya mapishi ya mlo huo wa Beijing. Wewe ni mpishi wa kwanza.

Turudie basi. Shamba: ngano na kondoo. Maji: machache. Moto: wa kuoka, wa mvuke, na wa chungu cha katikati ya meza kinachowapasha watu joto. Hilo ndilo jiko la kaskazini.

Sasa tugeuke magharibi, tuingie nchi kavu. Wasikilizaji wetu Waislamu, hapa pana habari zenu. Katika mji wa Xi'an wapo Waislamu wa kabila la Wahui waliokaa huko kwa karne nyingi. Wana supu ya kondoo inayoletwa na mkate mgumu. Mlaji mwenyewe huumega mkate kwa vidole, vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha mpishi humimina supu juu yake. Kazi ya kumega haina haraka, na watu huzungumza wakiwa wanamega. Mbele zaidi, mji wa Lanzhou, Wahui hao hao wanajulikana kwa tambi za nyama ya ng'ombe. Mpishi huchukua donge la unga, huvuta, hukunja, huvuta tena, mpaka donge moja linakuwa nyuzi nyingi mikononi mwake, bila kisu.

Na ukifika Xinjiang, mpakani na Asia ya Kati, nchi ya Wauyghur, utasikia harufu unayoijua. Ni bizari nyembamba, ile jira ya pilau. Nyama ya kondoo imechomwa kwenye vijiti vya chuma na kunyunyiziwa bizari hiyo na pilipili, mishikaki kabisa. Kuna wali uliopikwa na kondoo na karoti, wanauita polo. Kuna unga uliojazwa nyama na vitunguu na kuokwa kwenye tanuri la udongo, wanauita samsa. Polo na pilau, samsa na sambusa: je, husikii kuwa majina hayo ni ndugu? Yalisafiri pamoja na wafanyabiashara na lugha ya Kiajemi, mengine yakaelekea mashariki hadi Xinjiang, mengine yakashuka na majahazi hadi pwani yetu. Siku ya sikukuu, sinia la Xinjiang na sinia la Masasi yanaweza kukaa mkeka mmoja.

Tumekwenda mbali na wali wa kukaanga na mchuzi wa soya, sivyo? Lakini bado tuko China ile ile. Majiko mengi ya China, kila moja na ardhi yake.

Tushuke sasa Sichuan, kusini magharibi. Hapa hewa hubadilika. Ni bonde kubwa lililozungukwa na milima, lina ukungu, lina unyevu, jua halionekani sana. Watu wa kule huamini kwamba chakula kikali hutoa unyevu mwilini. Kwa hiyo wanapika kwa pilipili, pilipili nyingi.

Lakini ukali wa Sichuan si wa pilipili peke yake. Una rafiki yake, kitu kinachotia ganzi. Wanatumia maganda ya punje ndogo nyekundu za mti wa miiba; ukitafuna, ulimi na midomo hutetema kama vimeguswa na umeme mdogo. Mti huo kwetu una ndugu yake. Ni mjafari, ule wenye miiba minene kwenye shina, unaojulikana sana na waganga wa mitishamba. Wao wana mti wao, sisi tuna wetu, ila ukoo ni mmoja, na ukoo huo umo katika jamii ya michungwa na milimau.

Na pilipili yenyewe je? Sikilizeni hili, maana linatuhusu. Pilipili haikuzaliwa China. Ilitoka Amerika, na China ilianza kuiandika vitabuni mwishoni mwa karne ya 16. Muhogo wetu nao ulitoka wapi? Amerika. Mkorosho je? Uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Karanga? Amerika. Mahindi? Amerika. Leo mtu wa Sichuan hawezi kulifikiria jiko lake bila pilipili, na mtu wa Newala hawezi kulifikiria jiko lake bila muhogo. Vyote viwili vilikuja kama wageni, vikapewa jembe, vikawa wenyeji.

Tukitaja karanga, Sichuan kuna kuku anayekatwa vipande vidogo, akakaangwa haraka na pilipili kavu na karanga. Jina la chakula hicho linatokana na cheo cha Ding Baozhen, gavana wa jimbo hilo katika karne ya 19, aliyekipenda sana. Watu wa Masasi wana sababu yao ya kusikiliza habari za karanga: Nachingwea, jirani yetu, ni mojawapo ya mahali ambapo Waingereza walianzisha mashamba makubwa ya karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, na bandari ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya mpango huo. Karanga za mpango huo hazikustawi kama walivyotarajia, lakini bandari ilibaki.

Chakula kingine cha Sichuan ni tofu ya mama mmoja wa Chengdu, wa ukoo wa Chen, wa karne hiyo hiyo. Tofu ni nini? Soya huloweshwa, husagwa, maziwa yake huchemshwa na kugandishwa, kama mtu anavyogandisha maziwa kupata jibini. Mama Chen aliipika tofu laini na nyama ya kusaga, rojo la maharage mapana yaliyochachushwa na pilipili, na zile punje za ganzi. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, na chakula hicho hadi leo huitwa kwa jina linalotaja makovu hayo. Bibi mwenye kibanda cha chakula, aliyewapikia wapita njia, amefahamika duniani kuliko matajiri wengi wa wakati wake.

Na ufuta? Upo. Jirani na Sichuan, mjini Chongqing, watu huchovya nyama na mboga kwenye chungu cha mchuzi mwekundu wa pilipili unaotokota. Ili ulimi usiungue, kila mlaji ana kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu. Beijing ufuta ulikuja ukiwa rojo zito, utie utamu. Huku umekuja ukiwa mafuta, upoze moto. Fuata mto Yangtze kuelekea mashariki hadi Wuhan, na asubuhi utawakuta watu barabarani, bakuli mkononi, wakila tambi za moto zilizochanganywa na rojo la ufuta kabla ya kwenda kazini. Kule hicho ndicho kifungua kinywa, kama chai na muhogo au chapati kwetu.

Hapo jirani kuna Hunan. Nao wanapenda pilipili, lakini hawatii ganzi. Wanapenda uchachu, na nyama iliyokaushwa kwa moshi juu ya meko. Mtu anayehifadhi kitoweo darini, moshi ukikipitia kila siku, hahitaji kuelezwa sana.

Sasa twende kusini kabisa, Guangdong. Mvua nyingi, mito mingi, bahari karibu, mpunga mara mbili kwa mwaka. Penye wingi wa vitu vibichi, mpishi hahitaji kuvifunika kwa viungo. Samaki huchaguliwa akiwa hai, hupikwa kwa mvuke dakika chache, huwekewa tangawizi na vitunguu majani, na mafuta ya moto humiminwa juu yake. Basi. Mpishi wa Sichuan angeona chakula hicho hakijamalizwa; mpishi wa Guangdong angeona kile cha Sichuan kimemficha samaki. Wote wawili wako sawa kwenye ardhi zao.

Ni Guangdong pia ambako watu hukaa asubuhi wakinywa chai, huku vikapu vidogo vya mianzi vikiletwa, kila kimoja na vipande vitatu au vinne vya kitu cha mvuke: kamba ndani ya unga mwembamba, mkate uliojazwa nyama. Kati ya hivyo utaona kidonge cha mviringo, kimekaangwa kikavimba, ndani kina rojo tamu la maharage, na nje kimefunikwa ufuta kutoka juu hadi chini. Mtoto wa Masasi anayekula kashata ya ufuta angekidaka mara moja.

Na hapa tuseme neno juu ya moto. Kupika kwa karai kubwa, nyama na mboga zikiwa zimekatwa ndogo ndogo, moto mkali, muda mfupi, ni ufundi wa nchi yenye watu wengi na kuni za kubana. Kazi kubwa hufanywa na kisu kabla moto haujawashwa. Chakula kikiingia karaini, huiva kabla kuni hazijateketea. Mama anayetembea mbali kutafuta kuni atalielewa hilo haraka kuliko profesa.

Tupande na pwani ya mashariki. Fujian ni jimbo la supu na mabaharia. Zhejiang na Jiangsu ni majimbo ya mito, maziwa na mifereji. Mapishi yake ni ya taratibu, yana utamu kidogo, na ufundi wa kisu ni wa hali ya juu. Mji wa Ningbo, ulioko Zhejiang, unajulikana kwa vidonge vya unga wa mchele wa kunata vilivyojazwa ufuta mweusi uliosagwa na sukari. Huchemshwa na kuliwa familia ikiwa pamoja. Ukikiuma kidonge, ufuta hutiririka kama wino mtamu.

Nyuma ya majimbo hayo ya maji kuna Anhui, na kusini yake ni nchi ya milima. Watu wa milimani hawakuwa na samaki wa bahari wala masoko makubwa. Walikwenda msituni. Walichimba machipukizi ya mianzi, walichuma uyoga na majani ya porini, walichachusha tofu mpaka ikaota ukungu mweupe kama manyoya, wakaikaanga. Na hayo mapishi ya watu wa msituni leo yanahesabiwa miongoni mwa mapishi manane makuu ya China: Shandong, Sichuan, Guangdong, Jiangsu, Fujian, Zhejiang, Hunan, na Anhui.

Tafadhali lisikilize hilo vizuri. Machipukizi ya Anhui, yaliyochimbwa na watu wa mlimani kwa sababu ndicho kilichokuwepo, yamewekwa kwenye orodha ya heshima pamoja na jongoo bahari wa Shandong. Na ming'oko yetu je? Nani ameiandika? Nani ameeleza inachimbwa lini, inachaguliwaje, inachemshwaje, na kwa nini ya pori moja inasifiwa kuliko ya pori jingine? Wanaojua ni akina bibi walioko Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu. Kama una bibi nyumbani, na daftari lipo, kazi hiyo inaweza kuanza wiki hii.

Wala China si ngeni kwetu: ulipita wakati ambapo vyombo vya China vilikuwa mezani kwetu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, hapo juu tu katika mkoa wa Lindi, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vingi vya sahani na bakuli za kaure za China za karne nyingi zilizopita. Bakuli lilikuja kabla ya mapishi. Siku hizi watu wenyewe wamekuja: mafundi wa Kichina walijenga reli ya TAZARA miaka ya 1970, na wakandarasi wa Kichina wakalaza bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015. Na penye kambi ya wajenzi pana jiko. Ukikutana na mmoja wao sokoni Masasi, swali zuri la kuanzia mazungumzo ni hili: "Kwenu ni jimbo gani?" Wa Sichuan atatafuta pilipili. Wa Shandong atatafuta vitunguu majani.

Bado sijasahau, wasikilizaji wa Newala mnangoja habari za korosho. Zipo. Wachina wengi waliohamia ng'ambo zamani walitoka Guangdong na Fujian, ndiyo maana mikahawa mingi ya Kichina duniani ilibeba jiko la kusini. Mmoja wa wahamiaji hao alikuwa David Leong, aliyefika Marekani akiwa kijana na kufungua mkahawa wake mjini Springfield, jimbo la Missouri, mwaka 1963. Wenyeji wa pale walipenda kuku wa kukaangwa kwa mafuta mengi. Leong akamkaanga kuku kwa namna yao, akamwagia mchuzi wa kwao, akanyunyiza korosho na vitunguu majani juu. Watu wakapanga foleni. Leo chakula hicho ndicho utambulisho wa mji ule. Hata jiko lililohama lilijibu maswali yale yale: hapa shamba linatoa nini, na watu wa hapa wanapenda moto gani?

Haya, tumezunguka. Tumepita Shandong na Beijing, Xi'an na Xinjiang, Sichuan, Wuhan, Hunan, Guangdong, na milima ya Anhui. Tumesema hakuna chakula kimoja cha Kichina. Tumesema uliza shamba, uliza maji, uliza moto. Sasa turudi nyumbani, maana kuna ufuta kidogo umebaki ndani ya debe, nao tusiuze wote.

Chukua vikombe viwili vya ufuta. Upepete, uuoshe, uuanike ukauke. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, mimina ufuta, koroga bila kuacha mpaka uanze kurukaruka na kunukia. Usiuache ukaungua, ukiwa mweusi utakuwa mchungu. Utie kinuni ungali na joto, utwange mpaka mafuta yake yenyewe yatoke na kushikana. Tia chumvi. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku unakoroga. Mwanzo utakuwa mgumu, usiogope, endelea, utalainika. Ponda kitunguu saumu, kamulia ndimu, tia pilipili kadiri ya nyumba yako.

Wa Beijing angechovya kondoo humo. Wewe una muhogo unaochemka mekoni sasa hivi, au ming'oko kama msimu wake umefika. Epua, weka sinia katikati, ita watoto. Karibuni chakula.